Wastani wa 29: namna ya kuisoma rekodi ya Steve Tikolo

Swali la msomaji: "Wazee wa kriketi hapa Kenya husema Steve Tikolo ndiye mpigaji bora aliyewahi kutoka nje ya mataifa yanayocheza Testi, zile mechi za siku tano za mataifa makubwa. Nimeitafuta rekodi yake nikakuta wastani wa 29 katika mechi za kimataifa za siku moja. Virat Kohli wa India ana zaidi ya 55. Je, wazee wanapamba, au ni mimi nisiyejua kuzisoma hizi namba?"

Namba umeisoma sawasawa, ndugu yangu. Ulichoruka ni kuuliza imetoka wapi. Na kwa bahati nzuri, hiyo 29 yako ina mwenzake ambaye atatusaidia kuanza.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, Kenya ilikutana na West Indies katika Kombe la Dunia. Kenya ilitolewa yote kwa mikimbio 166, mikimbio ndiyo pointi za kriketi. Tikolo alipata 29. Ukiitazama kadi ya mechi, yaani orodha ya alichofanya kila mchezaji, haraka utasema hakufanya la ajabu. Itazame tena polepole. Katika zile 166, fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la ziada, yaani mipira mipana, mipira haramu na mengineyo ambayo hakuna mpigaji anayeandikiwa: 37. Baada ya hapo ni Tikolo na 29 yake. Kisha West Indies wakaingia, Brian Lara akiwemo, wakatolewa wote kwa 93, na aliyefunga mingi zaidi upande wao, Shivnarine Chanderpaul, alipata 19. Kwa hiyo katika mechi nzima, pande zote mbili, hakuna mtu aliyepiga zaidi ya 29. Wiketi tatu tatu za Maurice Odumbe na Rajab Ali, yaani kila mmoja kuwatoa wapigaji watatu, ndizo zinazokumbukwa, na ni haki yao, lakini Kenya ilishinda kwa tofauti ya mikimbio 73 tu.

Kwenye jedwali la maisha yake yote ya kriketi, 29 ya Pune inakaa chini kabisa ya 111, ambayo ndiyo zamu yake kubwa kuliko zote katika mechi za siku moja. Kwa anayeujua mchezo, mpangilio huo unapaswa kugeuzwa.

Sasa tuuchambue wastani wenyewe, maana wengi huutaja bila kujua unavyokokotolewa. Wastani wa mpigaji ni mikimbio yote igawanywe kwa idadi ya mara alizotolewa. Hugawi kwa idadi ya zamu, yaani mara alizoingia kupiga. Chukua mchezaji wa kubuni mwenye mikimbio 300 katika zamu 12, na mara mbili akabaki uwanjani bila kutolewa. Wastani wake ni 300 kwa 10, yaani 30. Ungegawa kwa zamu zote 12 ungepata 25. Tofauti hiyo ya 5 si ndogo, na huwapendelea watu wa aina mbili: wanaoingia mwishoni, ova (mafungu ya mipira sita) zikawaishia kabla hawajatolewa, na wale wa timu kali ambao lengo hufikiwa wao wakiwa bado wamesimama. Tikolo hakuwa kati ya hao. Alipiga namba tatu au nne katika timu iliyozoea kupoteza wafunguzi wake, wapigaji wawili wa kwanza, mapema, akaingia mpira ukiwa bado mpya na warushaji wa kasi wakiwa na nguvu zao zote. Na Kenya haikuwa na mazoea ya kufikia malengo huku mtu wake akiwa amesimama. Ilipotokea, kama dhidi ya Canada kisiwani St Lucia katika Kombe la Dunia la 2007, alibaki na 72 bila kutolewa.

Jambo la pili ndilo linalowapotosha watafutaji wengi zaidi: si kila mechi ya kimataifa inayohesabiwa. Hadhi ya mechi rasmi ya kimataifa ya siku moja hutolewa na baraza la kriketi la dunia, ICC. Mashindano ya ICC Trophy, ambayo kwa nchi kama Kenya ndiyo yalikuwa mlango wa kuingilia Kombe la Dunia, hayakuwa na hadhi hiyo. Zamu kubwa kuliko zote aliyowahi kupiga Tikolo kwenye fainali ilichezwa huko. Kuala Lumpur, Aprili 1997, dhidi ya Bangladesh: Tikolo 147, Kenya 241 kwa wiketi 7, yaani wapigaji saba wakiwa wametolewa. Gawa mwenyewe. Mtu mmoja alipiga asilimia 61 ya mikimbio ya timu, mikimbio ya ziada ikiwa imehesabiwa ndani. Mvua ikaingilia, mechi ikaendelea siku ya pili, na kwa hesabu ya Duckworth na Lewis, ambayo ilikuwa na miezi michache tu tangu ianze kutumika, Bangladesh wakapewa lengo la 166 katika ova 25. Walilifikia kwa mpira wa mwisho, zikiwa zimebaki wiketi mbili. Ile 147 haimo kabisa katika wastani wa 29 uliouona. Haimo, kana kwamba haikuchezwa.

Ukikuta tovuti mbili zinatofautiana kidogo kuhusu idadi ya mechi zake, usidhani moja inasema uongo. Tikolo aliichezea pia timu ya Afrika, iliyokusanya wachezaji wa nchi kadhaa dhidi ya wenzao wa Asia, na mechi hizo zilipewa hadhi rasmi. Kuna wanaohesabu Kenya peke yake, na wanaojumlisha. Kwa vyovyote vile picha ni ileile: mechi 130 hivi au zaidi, mikimbio karibu 3,400, na, jambo ambalo watu husahau, wiketi zaidi ya 90. Alianza kama mrushaji wa kasi ya wastani, akaishia kuwa wa kuzungusha mpira kwa vidole. Timu ndogo haina anasa ya kumweka mtu kwa kazi moja tu.

Njia ninayokushauri uitumie badala ya wastani mtupu ni kupima sehemu ya mzigo. Fungua kadi ya mechi, chukua mikimbio ya mchezaji, gawa kwa mikimbio yote ya timu. Timu yenye wapigaji saba wa kutegemewa humpa kila mmoja wao karibu asilimia 15 au chini. Zaidi ya asilimia 30, mtu huyo amebeba wengine. Kisha tazama mahali panapoorodhesha kila wiketi ilianguka timu ikiwa na mikimbio mingapi. Hapo ndipo utajua aliingia wakati gani na wenzake walikuwa wakifanya nini upande wa pili. Mwisho tazama nani alikuwa anarusha. Mambo hayo matatu huchukua dakika tano kwa kila mechi, na yanasema zaidi ya jedwali la maisha.

Tuijaribu. Kandy, Machi 1996. Sri Lanka, ambao siku chache baadaye wangekuwa mabingwa wa dunia, wanapiga 398 kwa wiketi 5, rekodi ya dunia kwa wakati huo. Kufukuza namba hiyo mwaka 1996 ilikuwa ni kama kuambiwa uupande ukuta bila ngazi. Kenya walipata 254 kwa wiketi 7, na 96 kati ya hizo ni za Tikolo kwa mipira 95. Karibu asilimia 38. Mechi ilikuwa imekwishapotea kabla Kenya hawajaanza kupiga, kwa hiyo wapo wanaosema alipiga bila shinikizo. Sikubaliani nao sana. Huo ulikuwa mwezi wake wa kwanza wa kriketi ya kimataifa. Alianza Cuttack dhidi ya India tarehe 18 Februari kwa kupiga 65, na hakuna timu iliyokuwa imempa nafasi ya kujifunza taratibu.

Canterbury, 1999, dhidi ya Uingereza: 71 kati ya 203, asilimia 35. Siku chache baadaye Bristol dhidi ya India, alipata 58 na Kennedy Otieno 56, wakati timu ilikuwa inafukuza lengo zito baada ya Sachin Tendulkar kupiga 140 bila kutolewa. Durban, 20 Machi 2003, nusu fainali ya Kombe la Dunia: 56 kati ya 179, asilimia 31. St Lucia, 2007, dhidi ya Uingereza: 76 kati ya 177, karibu asilimia 43. Hapo alikuwa na umri wa miaka 35 na warushaji walishamsoma kwa miaka 11.

Zitazame tena hizo asilimia. Hakuna iliyo chini ya 30. Timu ilibadilika, wafunguzi wakaja na kuondoka, yeye akabaki anabeba theluthi moja.

Kuna kitu kingine ambacho wastani hauwezi kukuonyesha: nafasi kati ya mechi moja na nyingine. Mwaka 1998 peke yake Tendulkar alicheza mechi 34 za kimataifa za siku moja. Tikolo, tangu 1996 hadi 2011, hakufikisha wastani wa mechi 10 kwa mwaka. Na si kwamba ziligawanyika sawa. Mwaka 2004, mwaka mmoja tu baada ya kucheza nusu fainali ya dunia, Kenya ilicheza mechi mbili rasmi za siku moja, zote nchini Uingereza katika Champions Trophy, dhidi ya India na Pakistan. Mbili. Timu ya taifa iliyofuata ratiba hiyo ilisubiri hadi 2006 ndipo icheze nyingine. Mpigaji huishi kwa macho na miguu iliyozoea kasi. Mpira wa kilomita 140 kwa saa humfikia kwa chini ya nusu sekunde, na mazoea hayo hayajengwi wavuni wala kwenye ligi ya Jumapili. Ukiona zamu zake za kati ya 5 na 20 dhidi ya timu kubwa, kumbuka ukimya huo mrefu. Alikuwa anatolewa kabla jicho halijakaa sawa. Kosa hilo halikuwa la mkono wake. Katika miaka hiyohiyo wachezaji walikuwa katika mgogoro na chama kuhusu mikataba na malipo, na hilo nalo halina safu yake kwenye jedwali.

Nisije nikaonekana nampamba zaidi ya hao wazee wako, kwa hiyo na upande wa pili tuuseme. Zamu tatu tu za kufikisha mikimbio 100 katika mechi zaidi ya 130 ni chache kwa mpigaji wa namba tatu, hata ukitoa visingizio vyote. Alipita 50 zaidi ya mara 20, akaishia njiani. Sehemu ya sababu ni wenzake waliokuwa wanaisha upande wa pili, ikambidi apige kwa nguvu mapema kuliko alivyotaka. Sehemu nyingine ni yeye mwenyewe: alikuwa mtu wa kushambulia, na mpira wa kuzungusha uliorushwa juu kidogo ulimtamanisha hata pale busara iliposema asubiri. Na hakuna hata moja kati ya zamu hizo tatu iliyopigwa dhidi ya Australia, India au Afrika Kusini. Mwenye kutaka kumpinga ashike hapo. Hapo ana hoja. Ile hoja ya wastani mtupu haina miguu.

Ulimlinganisha na Kohli. Hapo ndipo palipoharibika zaidi. Kohli ni wa zama nyingine, zenye mipira miwili mipya, moja kila upande, na vizuizi vya kuweka wadakaji mbali, mambo yaliyopandisha namba za wapigaji wote duniani. Mlinganisho wa haki humtaka mtu wa wakati uleule, nafasi ileile, na timu ya nguvu inayokaribiana. Yupo: Habibul Bashar wa Bangladesh. Mpigaji wa juu, nahodha wa taifa, mshindani wa Kenya wa miaka ileile. Wastani wake katika mechi za siku moja ni chini kidogo ya 22. Bangladesh walipewa hadhi ya Testi mwaka 2000, na Bashar akacheza Testi 50 akimaliza na wastani wa karibu 31. Yaani mtu aliyekuwa nyuma ya Tikolo kwa mikimbio 7 kila anapotolewa, alipopewa mechi za siku tano na muda wa kujifunza, alisimama imara kiasi hicho. Simdharau Bashar, alikuwa mpigaji mzuri sana. Nasema tu kwamba Kenya haikupewa kamwe nafasi hiyo, kwa hiyo safu ya Testi ya Tikolo ni tupu, na utupu huo si alama ya sifuri.

Dalili ndogo ya alivyoweza kuwa ipo kwenye kriketi ya daraja la kwanza, mechi za siku nyingi. Aliwahi kucheza Afrika Kusini kwa timu ya Border katikati ya miaka ya 1990, na kuanzia 2004 Kenya ikawa inacheza Intercontinental Cup, mechi za siku tatu kisha nne kati ya nchi zisizo na Testi. Huko wastani wake unaupita ule wa siku moja kwa mbali. Warushaji walikuwa dhaifu zaidi, ni kweli, lakini pia alikuwa na muda. Mpigaji aliyekuwa akilaumiwa kwa kutojenga zamu ndefu alizijenga alipopewa siku nzima.

Kuhusu maisha yake kwa kifupi, maana uliuliza namba zaidi kuliko mtu. Alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1971, na ndugu zake Tom na David nao waliichezea Kenya. Kriketi ya Kenya ya wakati ule ilikuwa mambo ya nyumba chache: akina Tikolo, akina Odumbe, akina Suji, na akina Obuya, ambako Kennedy Otieno, Collins na David ni ndugu wa tumbo moja ingawa jina la mmoja huwachanganya wageni. Klabu yake ilikuwa Swamibapu ya Nairobi. Alicheza Kombe la Dunia mara tano, 1996, 1999, 2003, 2007 na 2011, na alikuwa nahodha mwaka 2003 na 2007.

Ile 2003 inahitaji maneno machache ya ukweli, kwa sababu husimuliwa kwa namna mbili, zote za kupindisha. Wengine husema Kenya ilifika nusu fainali kwa sababu New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama wakapoteza pointi. Ni kweli walikataa, na pointi zile zilisaidia. Lakini Sri Lanka walikuja. Tarehe 24 Februari, uwanja wa Nairobi Gymkhana, Kenya ilipiga 210 kwa wiketi 9, Kennedy Otieno akiwa na 60, kisha Sri Lanka wakatolewa kwa 157. Collins Obuya, mzungushaji wa kifundo cha mkono, alirusha ova zake 10 akatoa mikimbio 24 na kuchukua wiketi 5. Uamuzi wa nahodha wa kumwachia kijana huyo amalize ova zote dhidi ya wapigaji wanaoujua mpira wa kuzungusha kuliko karibu watu wote duniani ndio uliobeba mechi. Nahodha mwoga angemtoa baada ya mpira wa kwanza kwenda mpakani. Baadaye wakawafunga Bangladesh kwa mikimbio 32 Johannesburg na Zimbabwe kwa wiketi 7 Bloemfontein. Ushindi wa namna hiyo mtu hapewi na ratiba.

Tikolo aliaga baada ya Kombe la Dunia la 2011, mechi ya mwisho ikiwa dhidi ya Zimbabwe mjini Kolkata, baada ya michuano ambayo Kenya ilipoteza mechi zote. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya mechi rasmi za siku moja, kwa hiyo rekodi zake za taifa haziwezi kuvunjwa na yeyote mpaka hadhi hiyo irudi. Yeye aliingia kwenye ukocha, na kuanzia 2016 aliifundisha timu ya taifa ya Uganda.

Ukitaka kuyahakiki haya mwenyewe, anza na kadi za mechi kwa mpangilio huu: Pune 1996, Kandy 1996, Kuala Lumpur 1997, Durban 2003, St Lucia 2007 dhidi ya Uingereza. Ile ya Kuala Lumpur usiitafute kwenye orodha ya mechi rasmi za siku moja, hutaipata. Itafute chini ya ICC Trophy. Kwa kila moja andika mikimbio yake, jumla ya timu, na timu ilikuwa na mikimbio mingapi alipoingia. Kisha zifanyie hesabu hiyohiyo zamu tano za Bashar za miaka hiyo, na umpelekee mzee yeyote wa kriketi pale Ruaraka, Nairobi, karatasi zote mbili.